Siku Tatu za Kufiwa

Wajukuu zangu wakijifungua husema wamepewa likizo. Wanasema "nimepewa" kama mtu aliyeletewa zawadi mlangoni. Mie nilikaa miaka saba katikati ya wanaoomba ruhusa na wanaotoa ruhusa, na sikuona hata siku moja mtoaji akitoa kitu kilichokuwa chake.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka yake ya mwisho mwisho, ingawa mwenyewe hakujua kuwa anamaliza. Kulikuwa na chuo kikubwa cha serikali huko nje ya Temeke, palipokuwa zamani mashamba ya mihogo. Kilifundisha walimu na mafundi, na upande mmoja kilikuwa na mabweni ya wasichana. Watumishi tulikuwa kama kijiji kizima: wapishi, wafagiaji, walinzi, watunza bustani, na sie wanawake wa nguo, tuliofua mashuka ya mabweni na kuyapiga pasi. Mnyapara wa wanawake nilikuwa mie. Shule sikwenda. Nilisoma madrasa nikahitimu, na herufi za Kizungu nilijifunzia kwenye magunia ya unga na makasha ya sabuni. Zilinitosha. Wengi waliojua zaidi yangu hawakuzitumia vizuri.

Kila mtumishi alikuwa na kadi yake ya kazi, kipande tulikiita. Asubuhi karani alisimama kwenye baraza la chumba cha pasi, akafungua daftari lake na kuita majina. Ukiitika, siku yako inatiwa alama. Usipoitika siku tatu mfululizo bila ruhusa, unafutwa. Kwa hiyo kabla ya kengele wanawake walinijia mie kwanza. "Bi Mkubwa, mtoto kaamka na homa." "Bi Mkubwa, mama mkwe kaanguka msalani huko Kimbiji." Nayabeba yote kichwani, nayapeleka kwa karani, naye anakata shauri.

Msidhani nawasifu hao wanawake. Mmoja aliniliza kwa habari za bibi yake anayekata roho, nikamwombea siku mbili, akarudi ana hena mpaka kwenye viwiko, nyeusi ya kung'aa. Nikamuuliza mgonjwa ndiye aliyempaka? Nilimpa kusugua masufuria ya jikoni mwezi mzima, hena ikatoka na kucha nusu. Uongo mie siuonei huruma. Lakini mwongo mmoja hakumfanya karani awe mkweli.

Karani alitoka bara, kijana wa misheni, suruali yake ina mikunjo miwili mbele unayoweza kukatia limau. Mfukoni alichomeka kalamu tatu, akaandikia moja. Neno lake lilikuwa kanuni. Ukimweleza jambo lolote, anafumba macho kama anayesikiliza kwaya, halafu anasema, "Mama, kanuni." Mgonjwa alete cheti. Mwenye mimba aseme ana miezi mingapi, na alimuuliza palepale barazani mbele ya wapishi, kwa sauti. Ikifika saba anafutwa, akishazaa aje aombe upya kama nafasi ipo. Basi wanawake walijifunga matumbo kwa kanga, wakapanda ngazi za mabweni na ndoo za maji huku wamebana pumzi. Kufiwa siku tatu.

Mpishi mmoja alimwagikiwa uji wa moto mkono wa kushoto, ngozi ikatoka kama ganda la kitunguu. Nilikuwepo siku alipokwenda kuomba kupumzika.

"Unakorogea mkono gani?" karani akamuuliza.

"Wa kulia, bwana."

"Basi wewe mzima."

Akarudi jikoni na kitambaa mkononi. Kidonda kikaingia moshi na maji machafu, vidole viwili vikashikana visifunguke tena. Baada ya miezi karani yuleyule aliandika kwamba mtu huyu hafai, hawezi kubeba sufuria kwa mikono miwili, na akamfuta. Nilipomkumbusha maneno yake ya kwanza aliniambia, "Mama, ile ilikuwa habari ya ugonjwa. Hii ni habari ya ulemavu. Ni kurasa mbili tofauti." Alisema hivyo bila kucheka.

Sasa nije kwa huyo mwanamke ninayetaka kumsema. Alikuwa mpiga pasi wangu bora. Mdogo wa umbo, maneno machache, na machache hayo makali. Mumewe alikuwa mlinzi wa lango, na wakikaa kwenye kota za watumishi, mstari wa vyumba uliokuwa nyuma tu ya chumba cha pasi, ukuta kwa ukuta, ndani ya uzio wa chuo. Mume akashikwa na tumbo Jumatano, Ijumaa tukamzika. Watoto hawakuwa nao.

Siku ya hitma ya kumwombea marehemu, wali haujapoa, shemeji yake akaanza. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu, ana wake wawili na shamba la minazi Kimbiji, na macho yake yalikuwa kwenye kitanda cha samadari na kwenye mjane mwenyewe. Alisema mbele yetu sote, "Shemeji yangu ni amana yetu. Akae eda, halafu tutajua." Kila mwanamke aliyekuwa pale alijua watajua nini.

Mjane akaniita ndani. Ameshavaa nyeupe, kichwa kimefungwa.

"Bi Mkubwa," akaniambia, "nikikosa chumba hiki sina pa kwenda ila Kimbiji. Na nikienda Kimbiji sirudi."

"Kaka yako wa Kiwalani?"

"Kaka yangu kala wali wa shemeji tangu juzi. Humwoni anavyomchekea?"

Hapo ndipo jambo lilipokaa, na nawaomba mlishike. Chumba kilikuwa cha mtumishi. Mlinzi kafa, basi kilibaki halali ya mkewe kwa kuwa naye ana kipande. Akifutwa kazi, chumba kinakwenda siku hiyohiyo. Eda ni miezi minne na siku kumi, mwanamke hatoki. Karani alikuwa na siku tatu.

Wapo watakaosema, na walisema, kwamba mwenye dhiki aweza kutoka mchana kutafuta riziki akarudi kulala. Mwalimu wa msikitini aliniambia hivyohivyo, wala hakukosea. Lakini shemeji alishakodi mahali jirani, kila asubuhi anakuja kukaa kwenye kigoda mbele ya kota, anachonga mpini wa jembe usiokwisha. Mjane akitia mguu nje tu, yule bwana angetangaza mpaka pwani ya Kimbiji kwamba kavunja eda ya ndugu yake, na hapo hata wale waliomtetea wangenyamaza. Mjane alilijua hilo kabla sijamwambia.

Nikaenda kwa karani. Nikamweleza eda pole pole, kama unavyomfundisha mtoto kuchamba.

"Miezi minne!" akasema. "Mama, hata Bwana Mkubwa wa chuo akienda kwao Ulaya na meli hakai miezi minne."

"Bwana Mkubwa hakufiwa na mume."

"Kanuni inasema siku tatu. Na nimezihesabu kuanzia kifo, si mazishi. Kwa hiyo zimeisha. Asipoitika tatu nyingine, namfuta."

Nikapanda kwa memsahibu, msimamizi wa upande wa wasichana. Huyu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomfanya achoshe. Alinisikiliza, macho yakamlengalenga, akashuka mwenyewe mpaka kota. Mkononi kashika kopo la poda ya kunukia, lina picha ya mawaridi. Shemeji akasimama, akavua kofia, akainama kama jani la mgomba.

Memsahibu akaingia ndani na ile harufu yake, akamnyooshea mjane kopo. "Wewe hapana kaa giza," akamwambia. "Wewe toka, pata hewa. Kazi dawa ya huzuni."

Mjane akajivuta mpaka ukutani, kanga puani. Manukato kwa mwenye eda ni haramu, hata mtoto wa miaka saba anajua.

"Yeye naogopa mimi?" memsahibu akaniuliza, shingo imemwiva.

"Hakuogopi. Hiyo poda ndiyo haimfai mpaka atoke eda."

"Mimi nampa zawadi, yeye nafunga pua."

Akaliweka kopo kizingitini, akaondoka. Nikasikia baadaye amewaambia wenzake kwamba mwanamke yule amefungiwa ndani na mila za kikatili, na zaidi ya hayo hana shukurani. Haikupita dakika shemeji akalinusa kopo. "Nani kamletea mwenye eda marashi? Mwanamume gani?" Nikamnyang'anya nikaenda kulimimina chooni. Choo cha wanawake kilinukia waridi wiki nzima, na hiyo ndiyo faida pekee tuliyoipata kwa memsahibu.

Usiku—

Hapana, wala haikuwa usiku, ilikuwa mchana nikiwa kwenye meza ya pasi, nimechukua nafasi yake kwa kuwa mashuka yalirundikana. Nikapiga chafya. Na kutoka upande wa pili wa ukuta nikasikia, "Afya, Bi Mkubwa." Sauti yake, safi kabisa, imepita kwenye tundu za hewa juu ya ukuta. Nikaweka pasi chini. Nikajiona mjinga. Siku zote tumekuwa tukiomba ruhusa ya kutokuwepo, na mtu mwenyewe yupo, hatua sita kutoka anaposimama karani, ndani ya uzio uleule.

Nikaenda mlangoni kwake. "Mwanangu, ukiletewa pasi na mkaa na mashuka humu ndani, utaweza?"

Akafikiri. "Mashuka ndiyo. Mapazia hapana, chumba hakitoshi."

Kesho yake karani akafungua daftari, akaita majina. Alipofika lake alilisoma kwa mbwembwe, kalamu ishainuliwa ya kukata. Kutoka juu ya ukuta ikaja, "Nipo!"

Wanawake walibana kanga mdomoni. Karani akaangalia juu kama aliyeitwa na mbingu.

"Nani huyo?"

"Uliyemwita," nikasema. "Tia alama."

"Yuko wapi?"

"Kazini. Ndani ya chuo. Mashuka yake ishirini ya leo nishampelekea, pasi inawaka."

"Mama, simwoni. Sauti si mtu."

"Bwana karani," nikamwambia, "Bwana Mkubwa akikupigia simu, wewe husimama wima, ukafunga na kifungo cha shati, ukasema ndiyo bwana, ndiyo bwana. Yeye anakuona?"

Hapo wanawake hawakuweza tena. Mmoja alikaa chini kabisa. Karani alipandwa na damu, akafunga daftari, akasema atakwenda kumwona kwa macho yake, huenda tumemweka mwingine ndani aitikie. Akazunguka ukuta, sie nyuma yake, mpaka mlangoni kwa mjane. Shemeji akasogeza kigoda ampishe, anatabasamu, kwa kuwa mwanamume wa kando akilivuta pazia la mlangoni, yeye kashinda bila jasho.

"Funua pazia," karani akasema.

Nikasimama mbele ya pazia. Mie si mrefu, lakini mpana.

"Nitajuaje kuwa ni yeye?" akafoka.

Sauti ikatoka ndani, taratibu. "Bwana karani, shikamoo sikupi, wewe mdogo kwangu. Suruali zako ulizoniletea kabla sijafiwa ziko tayari. Ya kaki haina shida. Ile nyeupe ina doa la wino mfukoni, nimelisugua kwa sabuni mara tatu, halijatoka. Nizitoe nje au utatuma mtu?"

Sote tulijua nguo za mtu binafsi hazifuliwi kwa sabuni ya chuo wala kupigwa pasi kwa mkaa wa chuo. Kanuni hiyo ilibandikwa ukutani, na mwandiko ulikuwa wake. Mkono mdogo ukatoka chini ya pazia na suruali mbili zimekunjwa, mikunjo imesimama kama kisu. Karani akazipokea. Akaziangalia, akaniangalia, akamwangalia shemeji aliyekuwa hajaelewa kitu.

"Mikunjo ni ya kwake," akasema.

"Basi tia alama," nikasema.

Akatia. Akatia kila siku, miezi minne na siku kumi. Kila asubuhi aliita, ukuta ukajibu, akaandika. Nami kila asubuhi nilibeba furushi mpaka mlangoni kwake, mchana nikachukua lililokwisha. Joto la pasi mle ndani lilikuwa la tanuri. Alikonda, macho yakaingia ndani, na mashuka yake yalikuwa mazuri kuliko tuliyopiga sie barazani penye upepo. Shemeji alimaliza mpini wake, akaanza mwingine.

Siku ya kutoka eda tulimwogesha alfajiri, tukamvisha kanga mpya, tukamchana. Shemeji alikuja na gari la punda limeegeshwa langoni, na kamba za kufungia samadari. Akamtafuta chumbani hakumwona. Akamkuta kwenye meza ya pasi, mahali pake pa zamani.

"Shemeji, tumekuja kukuchukua," akamwambia.

Mjane hakuacha kazi. "Shemeji, niko kazini."

"Kazi! Mke wa ndugu yangu atakuwa dobi mpaka lini?"

"Mpaka nichoke. Sogea kidogo, unaniwekea kivuli."

Alisimama pale mpaka kengele ikalia. Punda alirudi Kimbiji na kamba.

Ningeishia hapo kama ningekuwa mtu wa kujipamba. Lakini haikuishia hapo, na kosa lilikuwa langu.

Wiki chache baadaye ulibandikwa waraka mpya, karani akawasomea watumishi kwa kifua mbele. Kwa kuwa imethibitika, alisema, kwamba mtumishi wa kike anayekaa kota anaweza kufanya kazi chumbani, basi tangu leo mwenye ugonjwa usio wa kuambukiza, aliyejifungua na aliyefiwa hatafutwa, atapelekewa mlangoni mashuka ya kupiga pasi. Memsahibu alikuwa amesimama pembeni, uso unang'aa. Alinishika mkono mbele ya watu. "Wewe nafundisha sisi," akasema. "Hii huruma mpya." Alitaka nimshukuru. Nilimtazama tu, mpaka akauachia mkono wangu.

Mie ndiye niliyewaonyesha. Nilikuwa na mtu mmoja wa kumwokoa, nikawafungulia mlango wa watu wote, nao kwa kuona shimo dogo wakalipanua mpaka likapita furushi. Waliokuwa wanajiita wenye akili hawakuwahi kuliwaza jambo hili kwa miaka yote, mpaka mpumbavu mmoja asiyesoma alipowachorea.

Wa kwanza alikuwa mfagiaji aliyejifungua siku tisa nyuma, tumbo alilifunga kanga mpaka mwisho. Kitovu cha mtoto kilikuwa kimeanguka juzi. Nilikabidhiwa mafurushi mawili nimpelekee. Niliyabeba mpaka mlangoni kwake. Nikasikia kitoto kinanyonya kwa sauti ile ya kubofya, na mama anakiimbia kwa usingizi. Nikageuka. Nikaenda moja kwa moja ofisini, nikayaangusha mafurushi juu ya meza ya karani, juu ya daftari lake lililo wazi.

"Mama, hii ni nini?"

"Mashuka."

"Nani atayapiga?"

"Piga wewe. Una mikono miwili, na hujazaa."

"Mama, waraka unasema—"

"Waraka hauna titi."

Jioni ile nilivuliwa unyapara. Walimpa mwanamke mwingine, mpole, mwenye kusema ndiyo kabla hajaulizwa. Hakupoteza muda, akaanza kubeba mafurushi milangoni asubuhi na mapema, bila hata kukunja uso. Mie walinirudisha kwenye meza ya pasi, upande wa mjane, wakidhani wamenidhalilisha.

Siku ya kwanza mnyapara mpya alipita mbele yetu na furushi la mzazi kichwani. Mjane akanyoosha mkono akalivuta, likaanguka kwenye meza yetu.

"La mzazi hilo!" yule akalalamika.

"Najua," mjane akasema, tayari anafungua fundo. "Shuka lililopigwa na mwanamke mwenye maziwa yanayovuja linarudi na madoa, na atakayerudia ni mimi. Niletee yote hapa. Jioni utayapeleka mlangoni kwake, kisha utayachukua hapo hapo kama yametoka ndani. Si unajua kutembea?"

Mnyapara mpya akasema ndiyo.

Tukafanya hivyo siku arobaini za yule mzazi, na za aliyemfuata, wawili kwa kazi ya watu watatu, na hakuna karani aliyegundua, kwa sababu karani aliangalia alama, hakuangalia mashuka. Msiniulize kama yule mjane alinishukuru. Hakunishukuru. Miaka saba nilikuwa napiga pasi mara moja moja tu, mkono umekuwa mzito, na yeye hakunifichia. Aliligeuza shuka langu, akalitazama upande huu na huu, akanirudishia.

"Bi Mkubwa, pasi yako imepoa," akasema. "Ongeza mkaa."